Wino wa Chupa Isiyo na Lebo

Kuna watu wanaoogopa mbwa na kuna wanaoogopa polisi. Mimi, mwaka ule wa mvua za El Niño, niliogopa taa ndogo ya rangi ya machungwa. Ilikuwa kwenye uso wa printa yetu, upande wa kulia, na ikianza kupepesa, ujue wino unakaribia kwisha. Nilikuwa nikipika, nikiosha vyombo, nikiongea na mgeni, na jicho moja liko pale pale. Hata leo nikiona gari limewasha indiketa, naitazama hadi izimwe.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, hadi siku tuliyoitwa ofisini wanne wanne, tukapewa barua na cheki. Mume wangu, dereva wa lori, alitaka cheki ile iwe ploti mtaa wa Lucky Summer. Alikuwa na haki, ploti hainywi wino. Lakini nilimsihi aniachie sehemu, ninunue kompyuta kuukuu na printa, nichapie watu kadi za harusi na programu za mazishi humo humo katika vyumba vyetu viwili. Alikubali kwa sharti moja. Krismasi ikifika na mashine haijaweza kujilisha, itauzwa, na mimi na watoto turudi nyumbani Ukambani, yeye abaki mjini na chumba kimoja. Hakusema kwa ubaya. Alisema akipiga mswaki. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu mtu akikutisha kwa hasira unajua atapoa.

Kompyuta ilipatikana upesi, kwenye ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Printa ndiyo iliyoninyima raha. Katika duka moja la mjini walikuwa wamepanga mbili kando kwa kando. Moja ilikuwa nyeupe, ndogo, ya bei nafuu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, na bei yake karibu mara mbili. Muuzaji, bwana mmoja wa tai, aliisifu ile nyeupe kama anayemwoza binti. Nikamuuliza katriji yake ya wino ni bei gani. Akanijibu inatoa kurasa ngapi kwa dakika. Nikamuuliza tena, akanieleza habari za garanti. Mara ya tatu alifungua droo shingo upande, akanionyesha. Katriji ile, isiyozidi viberiti viwili kwa ukubwa, ilikuwa karibu nusu ya bei ya mashine yenyewe. Na itachapa kurasa ngapi kabla haijakauka? Akasema inategemea.

Inategemea nini, hakusema. Nilitoka mikono mitupu, naye nina hakika alidhani sina pesa. Kilichonitisha ni kwamba nilizokuwa nazo zilitosha kabisa kununua ile nyeupe. Ningeibeba nyumbani nikichekelea, na baada ya miezi miwili niwe ninaifanyia kazi yenyewe, badala ya yenyewe kunifanyia mimi.

Nikaambiwa kuna fundi Kariobangi anayejaza katriji. Nilimkuta kwenye kibanda kati ya mchomeleaji wa mageti na watu wa kugonga sufuria. Zamani alikuwa akitengeneza redio. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye viungo. Nilimweleza hofu yangu yote, na makelele yale yalinilazimu kuieleza kwa sauti kubwa, nikaona haya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mathe, printa utabuy mara moja tu," akaniambia. "Wino utabuy maisha yako yote. Anza na wino, alafu utafute printa itaikunywa."

Akatoa chupa isiyo na lebo na sindano kama ya daktari. Akanionyesha kuwa katriji ya ile nyeupe imezibwa kila upande, ukiitoboa umeiua. Ya ile ya kijivu ina tundu dogo chini ya stika, unachomeka sindano, unasukuma polepole, unaziba kwa selotepu. Chupa moja ingejaza mara nane, na bei yake haikufika ya kuku. Nikauchunguza wino huo jinsi mpiga chapa anavyochunguza. Niliunusa. Nilichapiwa karatasi moja, nikaisugua kwa kidole. Nikaianika kwenye kamba ya nguo wiki nzima juani nione kama itapauka. Haikupauka, nikanunua ile ya kijivu.

Maji sikuyajaribu. Kazini nilizoea mashine ya stensili, na wino wake ukikushika kwenye gauni, gauni hilo utazikwa nalo. Kwa akili yangu, wino ni kitu kisichotoka. Fundi naye hakuniambia chochote, maana sikumuuliza.

Miezi ya kwanza nilichapa kadi na barua, na taa ikipepesa nilijaza tone kwa tone nisije nikamwaga. Kisha mvua zikaanza, zile za kila siku, na jirani yetu wa mlango wa tatu akafiwa na mumewe. Marehemu alikuwa kiongozi wa wanaume kanisani kwetu, mtu wa watu. Mjane alikuja mwenyewe na disketi waliyomwekea picha mjini, akasema ndiyo picha pekee ambayo mumewe anacheka. Alitaka programu mia mbili, na picha iwe kubwa, ukurasa wa mbele.

Nilichapa siku mbili. Taa ilipepesa mara tano, nikajaza mara tano, na vidole vyangu vikawa kama vya yule fundi. Kila uso ulipokuwa ukishuka kutoka kwenye mashine, kwanza nywele, halafu macho, halafu cheko, nilisali usikatike katikati. Haukukatika. Mume wangu aliinua nakala moja, akaigeuza huku na huku, akasema ni kazi safi. Siku hiyo nilikula nikashiba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nipewe cheki.

Ibada ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa, chini ya mahema ambayo hayakututosha. Kwetu programu ya mazishi ina kazi nyingi. Utaisoma, utajipepea nayo, utajiziba nayo midomo ukimnong'oneza jirani, na mwisho utaiweka ndani ya Biblia miaka na miaka. Na jua au mvua ikikupata, utajifunika nayo kichwa. Hakuna anayefikiri, mkono huenda wenyewe.

Mhubiri alikuwa amefikia ndoa ya marehemu nilipohisi tone la kwanza mkononi. Nikainua macho, nikaona nje ya hema karatasi zangu zikipanda vichwani, moja baada ya nyingine.

Nilidhani kwanza ni kivuli. Mzee mmoja mwenye upara alikuwa na mstari wa zambarau ukishuka hadi kwenye nyusi. Halafu nikaona vitambaa vyeupe vya akina mama wa kanisa, vile wanavyovivaa kwa sherehe tu, vikiingia madoa. Mtu akauliza hiki ni nini. Watu wakaanza kujipangusa, na kadiri walivyojipangusa ndivyo walivyojipaka. Siku ya barua kiwandani niliogopa, lakini siku ile tulikuwa wengi. Hapa nilikuwa peke yangu, na kosa lilikuwa kwenye vipaji vya nyuso za watu mia mbili, katika msiba wa mtu.

Mjane alikuwa ameketi mbele, ukingoni mwa hema, pale maji yanapodondoka. Hakujifunika. Alikuwa ameishika programu yake kwa mikono miwili, na mvua ikaipiga. Kutoka nilipokuwa sikuuona uso wake, niliona mgongo tu, na haukusogea. Mume wangu alitazama viatu vyake hadi ibada ikaisha.

Sikupanda basi la mazishi. Nilirudi nyumbani nikairudisha printa kwenye boksi lake, na yale maboya yake meupe ya kuikinga isigongwe, nikasubiri. Kila hatua nje ya mlango nilijua ni wao, akina mama na vitambaa vyao. Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumatano mlango ukabishwa mara mbili, na alikuwa mjane, ameshika mfuko wa nailoni.

Alikataa chai. Alitoa programu, imekauka na kujikunja. Mahali pa uso palibaki wingu la zambarau. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakigongana, nikamwambia nitamrudishia kila kitu, mashine tayari iko kwenye boksi.

Akanyoosha mkono ninyamaze.

"Kule hospitali hawakunifungulia, dada," akasema. "Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa haijafika. Nilisimama getini, na ilipofika nikaambiwa ameshaenda. Sikumwona akienda." Akailaza karatasi mapajani akainyoosha. "Jumamosi nilimshika hapa. Yakaenda macho, halafu mdomo. Polepole. Nilimuaga."

Halafu akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Hii ni yangu. Sasa nichapie mwingine. Wa kukaa."

Nilifungua boksi. Nilichapa moja. Siku iliyofuata niliibeba kifuani, ndani ya nailoni tatu, hadi duka la fotokopi, kwa sababu nilikuwa nimeuliza, safari hii niliuliza, nikaambiwa wino wa fotokopi ni unga unaochomwa na hauna habari na maji. Wakaitoa kopi, wakaivisha plastiki. Tangu hapo ndivyo nilivyofanya kazi zote: moja kwa printa, nyingine zote kwa fotokopi, na chupa ya fundi ikadumu kuliko nilivyowahi kuota.

Niliporudi nilikuta mume wangu amelipasua lile boksi, amelitandaza mlangoni tukanyage tukiingia na matope. Boksi la kuuzia mashine halikuwepo tena.

Mjane alikuja jioni ile kuchukua picha yake. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniaga. Nje mvua ilikuwa inanyesha, nikamwambia angoje nimtafutie mfuko. Hakungoja. Alitoka nayo hivyo hivyo, uso wa mumewe ukiangalia juu, maji yakiipiga, akitembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika. Ni milango mitatu tu. Nilisimama juu ya lile boksi nikamtazama hadi akaingia kwake, na nilikuwa naogopa.