Falsafa Isiyopiga Hodi

Kocha wetu wa parkour, mchezo wa kurukia kuta, alikuja mtaani kwetu Raskazone kutoka Dar na glovu, viatu vya rangi ya embe, na maneno. Kuruka anajua, sikatai. Ila kabla ya kuruka chochote ilibidi tukae mchangani tusikilize mawaidha. "Ukuta si adui, ukuta ni mwalimu. Hatushindani, hatujionyeshi, tunaheshimu mahali." Anayasema hayo huku simu yake kaiegemeza kwenye tofali, inamrekodi.

Sisi tulikuwa tunaruka kabla hajaja. Geti la shule likishafungwa, falsafa yote ni kutua upande wa pili mwalimu wa zamu hajageuka.

Na tulikuwa na ukuta wetu. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiarabu, ana nyumba ya zamani yenye ukuta mnene wa mawe, juu bapa kama meza, chini mchanga laini. Mtaa mzima hakuna mwingine wa kujifunzia bila kuvunjika shingo. Alituachia kwa sharti lilelile analompa mkwezi wa minazi yake: kabla hujapanda, upaze sauti, "Hodi, napandaa!", kisha usubiri. Maana ukiwa juu unaona uani, na uani watu wanaoga, wanasukana, wamejifunga kanga moja. Akijibu "Haya!", panda. Akinyamaza, kaa chini.

Kocha alicheka. "Kelele za nini? Acheni mwili uzungumze na ukuta."

"Na bibi je, kocha, azungumze na nani?" nikamuuliza.

"Wewe, utani utakuponza."

Akakimbia, akagusa, huyo juu. Akasimama kama mnara wa simu, mikono kaitanua, macho kafumba, anavuta pumzi. Laiti angebaki hivyo. Akayafumbua.

Uani binti wa bibi alikuwa anaosha nywele, kanga kifuani, kichwa ndani ya beseni. Yowe alilopiga, nadhani Pangani walilisikia.

Bibi akatoka na kata ya maji mkononi. Tukajipanga. "Shikamoo, bibi." Kimya. Hapo nikajua tumekwisha.

Kocha, keshashuka, akaanza: "Mama, samahani, msingi wa mchezo wetu ni heshima..."

"Heshima gani hiyo isiyojua hodi?"

"Ni falsafa, mama."

"Basi kairukie kwenu!"

Wiki ileile fundi akapachika vipande vya chupa juu ya ukuta, mwanzo hadi mwisho. Kocha akatutumia ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi: tusijifunge na vitu, tujifunze kuachilia. Rahisi kusema, yeye karudi kwenye kuta zake za Dar. Sisi tunarukia ukuta wa choo cha shule, unaotikisika mtu akikohoa ndani.

Juzi nilimkuta bibi anachagua machungwa ya Muheza. Shikamoo yangu aliiitikia, marahaba ya puani. Tangu hapo kila nikipita kwake nasimama chini ya zile chupa, napaza sauti, "Hodi, bibi!" Nasubiri.

Bado hajasema "Haya."