Moto wa Mashine ya Baridi

Nawaambia, wenzangu wote kanisani walikuwa wamepata moto wa Roho, mimi peke yangu nimebaki. Nimefunga, nimelia, hakuna.

Basi juzi, kule Parklands ninakofanya kazi, nadeki miguu tupu huku naimba. Nikapitisha kitambaa chenye maji kwa ile mashine mpya ya baridi. Mkono ukatetemeka mpaka kwapani! Nikagusa tena, ikaja tena. Mimi wa darasa la jioni la watu wazima, sikujiuliza kitu.

Nikamkimbilia Rahel, yaya wa jirani, tunasali pamoja. Nikamvuta mpaka ndani, nikashika mashine, yeye akashika mkono wangu.

"Dada, hata mimi nimepata," akasema, anatetemeka. Tukapandisha wimbo.

Memsaab, yule Mhindi mwajiri wangu, akaingia mbio. Akaangalia waya uliochubuka, umelalia bati ya mashine.

"Fundi gani nafunga stima hivi? Nataka kuua watu?" akafoka kwa Kiswahili chake cha Kihindi. Akazima swichi ya ukutani. "Haya, Mama Yusufu. Shika sasa."

Nikashika, nimefumba macho, nikangoja. Bati ilikuwa bati tu.

"Imba kwa nguvu, dada," Rahel akaninong'oneza, bado amenishika mkono.