Yowe Lililonikwama Kooni

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza kuziba pancha za baiskeli mjini Mugumu, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na gari langu. Nimefilisika mara mbili nikainuka. Kila mteja nimeshamwambia: ujasiri huu nimeutoa Nyambureti, kijiji kimya kando ya hifadhi ya wanyama, mtu akikohoa ng'ambo ya korongo unamjua ni nani.

Mwaka huu mahindi yalipokomaa nilienda kumwona mama. Asubuhi, jua limeshatoka, akatangulia shambani kuvunja mahindi ya kunichomea. Nikamfuata polepole na kandambili zangu, naongea na simu. Kufika kwenye kichuguu, nikamwona tembo.

Alikuwa amesimama ndani ya mahindi, peke yake, anapunga masikio. Mama alikuwa kati yetu, hatua kama kumi kutoka kwa yule mnyama, ameinama, amempa mgongo. Upepo ulikuwa unapiga majani, hakusikia kitu.

Sasa kwetu kuna sheria hata mtoto anaijua. Wa kwanza kuona hatari ndiye anapiga yowe. Ukipiga, kila mwanaume anatupa alichoshika, anakimbilia sauti. Ukinyamaza, umewauza wenzako.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, ikatoka pumzi tu. Moyo ulikuwa unagonga kama mashine ya kusaga, na mkojo ukanitoka, naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwenye simu mtu bado ananiuliza bei ya saruji. Tembo akasogea hatua moja, akang'oa bua. Nikawaza: mama anakufa namwangalia, na miguu hainiendi mbele wala nyuma.

Mama akainua kichwa, akaniona. Nadhani uso wangu ndio uliomwambia. Akageuka, akamwona, akarudi kinyumenyume huku anapiga yowe, bibi wa miaka sabini na zaidi, sauti ikafika mlimani. Yowe likapokewa huku na kule. Wanaume wakaja na mikuki na madebe, wengine wana povu la mswaki mdomoni. Tembo akageuza, akashika njia ya hifadhini, akikanyaga mahindi yetu.

Mama alinishika mkono.

"Mwanangu," aliniuliza taratibu, "ulikuwa unangoja nini?"

Mpaka leo nikisikia majani ya mahindi yanasuguana, jasho linanitoka.

Wazee walikaa kikao mchana ule ule kunihukumu kwa kutopiga yowe. Nikajitetea kwamba koo lilikauka. Mmoja akanitazama sana.

"Mura, kijana wetu, ukiwa dukani kwako tunakusikia tukiwa barabarani."

Watu wakacheka. Wazee wakasema faini ni mbuzi na kreti ya soda, sawa na mtu yeyote, awe na gari au hana. Sikubisha. Watu hao hao ndio waliomkimbilia mama yangu mimi nikiwa nimesimama, na kwa hilo najivunia kuzaliwa pale kuliko zamani.

Mbuzi nilimpata mnadani kwa elfu tisini na tano, soda elfu kumi na nne. Jumla shilingi laki moja na elfu tisa.