Nyumba Waliyoisahau

Juzi nilipita Ipuli nikaona nyumba imepigwa X nyekundu, ikisubiri kubomolewa. Rangi ilikuwa bado mbichi, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Ipole, kando ya msitu wa hifadhi.

Baba alikuwa mrina asali. Kila mti uliobeba mzinga wake aliuchonga alama kwa shoka, na aliyeiona alama ile alipita bila kugusa kitu. Kwa hiyo mchana ule, watu wa serikali waliposhuka kwenye gari na kuchora X ukutani kwetu, nilifurahi. Kama alama ya baba iliheshimiwa, ya serikali nani angethubutu?

Mama aliacha kutwanga. Baba alivua kofia.

"Mzee, mpaka wa hifadhi sasa unafika kule barabarani," alisema mmoja wao.

"Sawa," baba alijibu, kwa sauti nisiyoijua.

Walipoanza kufunika kopo la rangi, niliingiwa na hofu. Nyumba ya bibi ilijificha nyuma ya mihogo, hawakuiona. Nikamkimbilia mwenye brashi.

"Shikamoo. Mmeisahau ya bibi."

"Marahaba. Iko wapi?"

"We mtoto!" mama alipiga kelele, lakini nilikuwa nimeshatangulia, nawaonyesha njia.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, ameegemea ukuta. Alilitazama kopo, akanitazama mimi. Hakunigombeza. Alinyanyuka polepole, akasogeza kigoda chake, wapate nafasi ya kupaka.