Mama Aliyekataza Kelele

Kwenye maabara yetu ya Sfax, Tunisia, mama yule mtafiti hutembea kwa soksi. Viatu huviacha mlangoni, nasi vilevile, maana moyo wa panya ukishatolewa kifuani na kuning'inizwa ungali hai kwenye mrija wake, hata kishindo cha mlango huvuruga mchoro wa mapigo. Vidole vyake vinanuka majani ya mzeituni anayoyachemsha mwenyewe. Huufungia moyo maji ya lishe, kama mshipa ulioziba, kisha huyafungulia, na hapo ndipo mioyo mingi huharibika. “Hewa ikirudi kwa pupa huunguza,” hunong'ona. “Majani yatauzima huo moto.” Mwenzake Mongi humcheka: “Bibi wee, majani wape mbuzi!”

Jana alitia dawa yake ya majani, akafungulia maji. Moyo ukatetemeka, ukasita, kisha ukashika mwendo, ukadunda na kudunda mpaka chai yetu ikapoa. Mama akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kama mama wa bwana harusi. Mchoro ukaruka kama umepagawa.

“Nini tena hicho?” Mongi akamaka.

“Andika kwamba mruko huo ni mimi,” mama akasema, akivaa viatu vyake kwa vishindo. “Moyo wenyewe haujambo.”