Eda Isiyokuwa Yake

Mama yule alinishinda kwa ukaidi, na mie si mtu wa kushindwa. Nimezaliwa Unguja, nimekulia Maskati, na nyumba nzima wanauogopa mdomo wangu. Kwake yeye haukufaa kitu.

Walikuja miaka ya tisini, vita vya Somalia vilipowatoa Kismayu: yeye, binti yake, mkwewe na mjukuu wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Wabajuni. Wakapanga vyumba vya nyuma ya nyumba yetu, mkwe akapata kazi ya kupiga rangi magari kwenye gereji moja mtaa wa Ghala. Siku ya mwanzo nikasikia sauti ya kikongwe ng'ambo ya ukuta: "Jamani, moto huu wa gesi unazimwa vipi?" Kiswahili! Nikatoka mbio, buibui upande. Nikazima gesi kwanza, ndipo tukasalimiana. Tangu hapo binti akaniita dada, na bibi yule nikamwita mama, kwa vile wangu alikuwa keshatangulia mbele ya haki.

Binti na mie tulishibana. Tukenda soko la samaki Matrah, yeye hubishana bei kwa Kiarabu chake cha kuokoteza mpaka muuzaji anampa ilimradi aondoke. Nilimpenda mtoto wa watu, wallahi, kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Kisha ndugu wa mkwe aliyekuwa Amerika akawaombea wote waende. Daktari wa viza akaona doa kwenye pafu la mama. Wakaambiwa wengine watangulie, yeye atumie dawa, ataitwa. Uwanja wa ndege binti akaning'ang'ania mkono. "Dada, nakuachia mama. Akiitwa tu, mlete mwenyewe mpaka hapa." Mama hakutoa chozi mbele yao. Tulipotoka uwanjani akaniomba nisimamishe gari, akateremka, akatapika kando ya njia.

Alihamia chumba changu cha mbele. Kila Ijumaa binti akipiga simu. Amepata kazi kiwanda cha kuku, anasimama kutwa kwenye baridi akikata mapaja. Mjukuu anazungumza Kiingereza cha puani, Kiswahili anaelewa lakini hajibu. "Nilimpelekea jirani sambusa, dada. Kanirudishia sahani kaiosha vizuri, tupu!" Mama akacheka mpaka akajishika mbavu. "Maskini, hawakufunzwa." Halafu akauliza lile lile la kila wiki: "Ntaitwa lini?" Pafu lilikuwa limepona zamani. Miaka ikapita, sisi tunangoja.

Ndipo mkwe akafa. Gari lake lilitereza kwenye barafu alfajiri akienda kazini.

Kiwandani wakampa binti ruhusa ya siku tatu. "Nisirudi, watamchukua mtu mwengine," akaniambia, "na nyumba tutatolewa. Eda yangu ntaikaa wapi, dada?" Nikamuuliza sheikh wa msikiti wetu. Akasema mjane mwenye dharura hutoka mchana kutafuta riziki, usiku akalala kwake, na Mungu ni mwenye kusamehe. Nikampelekea mama habari hiyo nikidhani nampoza moyo.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akavua bangili, akavaa kanga zake zilizochuja, akatandika mkeka chumbani.

"Mama, unafanya nini?"

"Namkalia mwanangu eda."

Nikapandwa na hasira. "Eda haikaliwi na mtu mwengine! Muulize sheikh!"

"Sheikh anaijua dini. Mie namjua mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kafiwa na mume na hana hata pa kukaa chini akalia? Basi ntakaa mie."

Akakaa kizuka kama aliyefiwa yeye. Hatoki hata uani, hajipaki mafuta ya harufu, hazungumzi na mwanamme asiyekuwa maharimu. Fundi wa kiyoyozi alikuja, akamfukuza kwa kubisha ukuta! Siku hizo binti akipiga kila jioni, na mama humuuliza: "Umelia leo?" Binti hujibu hakupata nafasi. "Basi usijali, mie nimekulilia." Nami nasimama pale nikingoja zamu yangu ya simu.

Eda imefika nusu, ikaja simu kutoka ofisi ya viza. Mama ameitwa. Aende mwenyewe kuhojiwa, Jumatatu asubuhi. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikampigia binti, akapiga ukelele mpaka simu ikakwaruza.

Mama akasema haendi.

Nilimsihi, nikamfokea, nikamletea mke wa sheikh. "Hata kizuka wa haki hutoka kwa dharura!" nikamwambia. "Si mwenyewe umesikia?"

"Mwanangu anatoka kwa dharura kila siku," akajibu. "Nikitoka na mie, nani kakaa?"

Jumatatu nikawasha gari, nikalileta mpaka mlangoni, nikapiga honi kama mwendawazimu. Akafunga komeo kwa ndani. Nilikaa garini mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, nikazima injini, nikaingia ndani kupika. Tuliomba siku nyingine. Haikupatikana, mpaka tukaja kumzika Maskati.

Lakini jioni ya Jumatatu ile ndiyo iliyonivunja. Simu ililia. Kwa mara ya kwanza mama hakutaka kuishika. "Mwambie wewe," akasema, akabaki mkekani ananitazama. Nikamwambia binti yote.

"Dada," akasema, sauti imekauka. "Mie sikumwomba anilie. Nilitaka aje. Kila siku pale kwenye kuku nilikuwa najiambia, vumilia, mama anakuja. Sasa nijiambie nini?" Akaanza kulia. Alilia kilio ambacho hakuwahi kumlilia mumewe, na mie nimeubana mkono wa simu sikioni ili sauti isitoke nje.

Nilipoikata, mama alikuwa bado ananitazama. Uso wake umetulia, una matumaini kama wa mtoto.

"Kasemaje?"

"Kasema ahsante, mama."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, karidhika. "Si nilikwambia?"