Meli Niliyoinyamazia

Watoto wangu walijua kuvaa jaketi okozi kabla hawajaiona bahari. Baba yao aliwafunga mito ya kulalia kifuani kwa kanga zangu, akawapanga kwenye benchi la uani, akapuliza filimbi niliyokuwa naitumia kwa vipindi vya michezo shuleni. Filimbi ya kwanza simama, ya pili shika mkono wa mwenzako, ya tatu mfuate mama. Mdogo wao alikuwa hajafikisha mwaka, yeye alifungwa kimto mgongoni kwangu. Majirani zetu hapa Naipingo walisimama kwenye uzio wakicheka hadi wakakaa chini. Mimi nami nilicheka. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba sikuitaka safari ile tangu mwanzo, na si kweli.

Mume wangu ni afisa ugani. Alipangiwa kazi huku kusini akitokea Bukoba, na pamoja na begi la nguo alikuja na hadithi za meli. Alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akimpandisha meli ya kwenda Mwanza kila likizo. Wanapanda jioni, wanakula senene na ndizi za kuchoma, wanalala kwenye mabenchi ya daraja la tatu, wanaamka ziwa limekuwa jeupe. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kukutajia mpaka rangi ya blanketi. Alikuwa ameapa kwamba wanawe nao watalala melini kabla hawajawa wakubwa wa kuona haya kumshika mkono.

Kwa hiyo ilipofika mwezi wa kwanza alitangaza kuwa likizo ya mwezi wa sita tunapanda meli, wote watano. Dar mpaka Unguja, Unguja mpaka Pemba, kwa meli kubwa inayokwenda polepole. Boti za kasi alizikataa katakata. Alisema zile ni mabasi tu yaliyowekwa majini, mtoto anakaa kwenye kiti anaangalia televisheni, halafu anaambiwa amesafiri baharini.

Kupanga safari na watoto wadogo ni kazi ya ofisi nzima, na ofisi nzima nilikuwa mimi. Binti yetu wa miaka mitano hakuwa na cheti cha kuzaliwa, alikuwa na lile tangazo la hospitali tu, limekunjwa mpaka majina yamefutika. Nikaenda wilayani Nachingwea mara tatu. Nikauliza duka la dawa vidonge vya kuzuia kutapika vya mtoto mdogo, muuzaji akaniuliza kama ni vya gari, nikamwambia ni vya meli, akaniangalia kama niliyesema ni vya ndege ya mwezini. Baba yao alipata mtu wa kutupokea Pemba, mwenzake waliyesoma naye chuo. Ruhusa ya wiki mbili katikati ya msimu wa ufuta aliipigia magoti. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka saba, alichora meli kwenye kila daftari, hata la hesabu, na mwalimu wake aliyemchapa kwa hilo alikuwa mwenzangu wa ofisi moja. Sikusema kitu. Angalia vizuri, hiyo ndiyo tabia yangu.

Sasa lazima niseme habari za kaka yangu. Mimi ni Mmwera wa Nambilanje, huko Ruangwa. Kwetu mtoto ana baba, lakini ana mjomba pia, na kwa mambo mengine mjomba ndiye anayesema. Jando ni mojawapo. Mume wangu alilijua hilo siku ya posa, aliambiwa wazi, akakubali kwa kichwa chake. Mvulana akifika umri, mjomba anachagua msimu na anachagua siku. Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili. Baba yetu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na aliyenisomesha mpaka chuo cha ualimu ni yeye, kwa jembe na korosho. Sijawahi kumwita kwa jina lake. Sijawahi kumaliza sentensi inayoanza na "lakini" mbele yake.

Mwezi wa tano mwanzoni akapiga simu. Akasema jando la mwaka huu litaingia wiki ya pili ya likizo, na mpwa wake yumo. Wiki ya pili ya likizo sisi tungekuwa Pemba.

Mume wangu hakupandisha sauti. Alikaa akafikiri, akasema, "Huyu ni kaka yako, si wangu. Nenda ukamwombe. Asogeze wiki moja tu, au atuwekee mwezi wa kumi na mbili. Mwambie watoto wamejiandaa tangu Januari."

"Nitamwambia," nikasema.

Nikaenda Jumamosi. Basi mpaka Ruangwa mjini, kisha bodaboda mpaka nyumbani, mtoto mgongoni. Mama yangu anaishi kwa kaka, nikamkuta jikoni anapepeta mchele. Hata sijakaa vizuri akaniambia kwa sauti ya chini, "Habari ya meli yenu nilishamweleza kaka yako. Wewe uliponipigia ile siku, jioni yake nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Alicheka. Nikalibeba neno hilo mpaka barazani nilikokwenda kumsalimia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mmeamkaje huko? Shemeji hajambo? Watoto?"

Hawajambo. Kwetu mgeni mwenye haja haanzi yeye. Anakula, ananawa, halafu mwenyeji anasema, haya, tuambie, safari hii ya heri? Hapo ndipo unasema lililokuleta. Nimeona wazee wenye shida kubwa wakisubiri swali hilo mchana kutwa. Ukirukia kabla, umemvunjia mwenye nyumba heshima, hasa ukiwa mwanamke na yeye ndiye aliyekulea. Nikasubiri. Nilijua anajua. Nilijua anajua kilichonileta kwa basi na bodaboda na mtoto mgongoni siku ya kazi za shamba.

Tukala ugali wa muhogo na kuku. Tukanawa. Kaka akaeleza ufuta ulivyokubali mwaka huu. Akaeleza mnyama aliyeingia shamba la jirani. Akataja watoto watakaoingia jando pamoja na mwanangu, mmoja baada ya mwingine, na baba zao, na nani atapika, na nani ataleta turubai. Kila akinyamaza nilijiweka sawa kwenye mkeka. Kila nikijiweka sawa alianza jingine. Jua likasogea. Mwenye bodaboda akapiga simu kuuliza kama bado namhitaji.

"Basi ndiyo hivyo, dada," kaka akasema akisimama. "Mlete Jumatano ile, mapema."

"Haya, kaka."

Hayo tu. Akanifungia jogoo na karanga nusu debe, akanisindikiza mpaka njiani akiwa amembeba mwanangu begani. Njia nzima ya kurudi nilimkasirikia. Nilimkasirikia mpaka tukaingia Ruangwa, na kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea nikaanza kuchoka. Nilipofika Naipingo hasira ilikuwa imeisha na kimebaki kitu kimoja tu, kwamba mume wangu amekaa mlangoni ananisubiri na jibu.

"Vipi?"

"Amekataa," nikasema.

Sikupanga kusema vile. Lakini ningesemaje? Kwamba nimekaa saa tano kwenye mkeka nikisubiri kuulizwa? Yeye kwao mtu akiwa na neno analisema mlangoni kabla hajavua viatu. Angenicheka, au angechukua pikipiki akaenda mwenyewe, na hapo pangeharibika zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Siku hizi najiambia mengine.

Watoto waliambiwa wakati wa chakula. Binti alilia akasahau. Mvulana hakulia. Aliacha kuchora meli, na nilifikiri naye amesahau, kumbe kila siku alikuwa akimuuliza baba yake kwa siri ni kosa gani alilofanya. Alidhani ni kwa sababu ya lile daftari la hesabu.

Jando likaisha, wavulana wakatoka, ikawa sherehe. Sitasimulia sherehe, kila mtu wa huku anaijua: kanzu mpya, kofia, miavuli, vigelegele, pilau la masufuria makubwa. Mwanangu alitoka amenenepa kidogo na anatembea kama mtu mwenye ofisi. Mume wangu alikuja kwa sababu ni baba, lakini alikuwa hajampigia simu kaka yangu tangu siku ile. Alikaa na wanaume chini ya turubai, akala, akanawa. Mimi nilikuwa nagawa maji. Na ninavyomjua, alivumilia mpaka aliposhiba.

"Shemeji," akasema, "sina kinyongo, jando limefana, tunashukuru. Lakini na mimi mwanangu nilimwahidi kitu. Ulishindwa kunipa hata wiki moja nimpandishe meli?"

"Meli ipi?" kaka akauliza.

"Ile aliyokuja dada yako kukuomba."

Kaka akaweka glasi chini. "Dada alikuja, tukala, tukaongea vizuri, akaondoka. Hakunitajia meli. Angenitajia ningekataa nini? Jando lina haraka gani? Ningemweka mwezi wa kumi na mbili." Kisha akageuka. "Dada, uliniambia habari za meli?"

Nilikuwa nimeshika jagi. Mama yangu alikuwa amekaa na wanawake hatua chache kutoka pale, akaanza kuchambua ukindu wa mkeka kana kwamba umeota majani. Ningeweza kusema, mama alikwambia, ukacheka. Ingekuwa kweli. Ingemvua nguo mama yangu mbele ya watu, na ingemfanya kaka mwongo siku ya sherehe yake, na kwa hilo ningeongelewa Nambilanje mpaka nazikwa. Wanaume wawili walikuwa wananiangalia, wote wawili wasafi, mmoja alituma na mwingine hakuulizwa. Hapo ndipo nilipoelewa nimewekwa wapi, na kwamba nusu ya njia nilikuwa nimetembea mwenyewe.

"Hapana, kaka," nikasema. "Sikukuambia."

Nikamalizia kugawa maji.

Mume wangu alingoja mpaka tumefika nyumbani na watoto wameoga. Sijawahi kupigwa naye na siku hiyo pia hakunigusa. Alisema tu, "Kwa hiyo mimi nimemchukia mtu wa watu bure. Na mtoto amejihukumu bure. Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza mgeni anavyosubiri, kaka alivyonilea, mama alivyosema jikoni. Nikaongea sana, mimi ambaye siongei. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mkulima aliyechelewa kupuliza dawa ya salfa na mikorosho imeshaungua maua. Mwisho akasema, "Saa tano kwenye mkeka." Akaenda kulala.

Baada ya hapo tuliishi vizuri. Watu wanadhani ndoa ikiharibika kuna kelele. Kwetu kulikuwa na habari za asubuhi na habari za kazi na chumvi imezidi kidogo. Mwezi wa kumi na moja nikaona vyeti vya kuzaliwa vimetolewa kwenye sanduku, viwili. Nikaona vidonge vya kuzuia kutapika juu ya kabati. Akawaambia watoto Desemba wanapanda meli, mdogo atabaki kwa kuwa bado ananyonya. Kuhusu mimi hakusema. Hakuniuliza kama nakwenda, na mimi sikusema kwamba nataka. Nikapiga pasi nguo zao, nikakaanga karanga za njiani, nikaandika namba zetu za simu kwenye karatasi na kuzishona ndani ya mifuko yao. Kila jioni nilisubiri aniulize. Unaona ujinga huo? Niliuona mwenyewe na bado nikasubiri.

Asubuhi ya safari niliwasindikiza mpaka stendi ya Nachingwea. Baba yao alikwenda kupakia begi upande wa pili wa basi, binti akamfuata. Mvulana akabaki na mimi.

"Mama, baba anasema wewe hukutaka twende ile mara ya kwanza."

"Anasema hivyo?"

"Nilimuuliza kwa nini hatukwenda. Akasema nikuulize wewe, eti wewe ndiye hukutaka kusema."

Ilikuwa haki yake kujua, na basi lilikuwa limeshawashwa. Nikachuchumaa. "Nilitaka. Lakini ilikuwa lazima nimwombe mjomba wako asogeze siku, nikaogopa kumwomba."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia naogopa mbuzi.

"Mjomba? Mjomba mbona mpole." Akatazama huku na huku, kwa maana mambo ya jandoni hayatolewi nje, hasa kwa mwanamke. Akanisogelea sikioni. "Usimwambie mtu. Kule nilikuwa naogopa kulala pembeni, mwisho wa safu. Nikamwomba, akaja akalala yeye pembeni, kila siku mpaka tukatoka."

Baba yake akamwita. Akakimbia.